Daktari wa Jicho Moja: Maisha ya Denis Burkitt na Siri ya Tezi za Shingo



Wenye kufuatilia ukurasa huu wa wasifu wamezoea kukutana na wapokezi wa hadithi, mafakihi na masheikh wa pwani yetu. Toleo hili naomba radhi kidogo, kwani mtu ninayemleta si mwanachuoni wa dini na wala hakuwa Mwislamu. Alikuwa Mkristo mshika dini, mpasuaji, mzaliwa wa Ireland, na sehemu kubwa ya kazi yake aliifanya Uganda. Amefariki miaka mingi iliyopita, na wengi wetu tulikuwa bado hatujazaliwa. Lakini jina lake liliingia nyumbani kwetu Gisenyi mwaka jana bila kubisha hodi, na tangu siku hiyo halijanitoka kichwani.

Kwanza nieleze lilivyoingia, maana katika kisa hicho mimi mwenyewe nina kosa.

Wiki tatu nilizopoteza

Mama yangu mdogo ameolewa Bugarama, kule bondeni kusini kwenye joto na mashamba ya mpunga. Wakati wa likizo alikuja Gisenyi kumsalimia bibi, akiwa na mtoto wake wa miaka sita. Shavu la kulia la mtoto lilikuwa limevimba. Hakuwa na homa kubwa, alikula na kucheza kama kawaida, ila meno mawili ya nyuma yalikuwa yamelegea. Bibi akasema ni jino. Jirani akasema ni jicho la mtu. Mimi nilikuwa nyumbani kwa likizo, na kwa kuwa nasoma masomo ya Kiislamu, nikaitwa nimsomee.

Nikamsomea. Kila baada ya Alfajiri na baada ya Magharibi nilimsomea Fatiha na Muawwidhatayn, nikampaka mafuta ya zeituni. Kumsomea hakukuwa kosa, na ningerudi siku ile ningemsomea tena. Kosa langu lilikuwa neno nililomwambia mama mdogo, kwamba avute subira, kwa sababu mimi nami utotoni nilitoka mitoki chini ya taya na ikapotea yenyewe. Alinisikiliza kwa kuwa mimi ndiye msomi wa familia. Tukakaa wiki tatu. Mwisho wake jicho la upande ule likaanza kutokeza nje.

Muuguzi mmoja anayeishi mtaani kwetu alipita kumsalimia bibi, akamtazama mtoto, akamgusa taya na tumbo, akasema aondoke siku ileile. Kutoka kituo cha afya tulipelekwa hospitali, na kutoka hospitali tukapelekwa Butaro, kule Burera, kwenye hospitali ya saratani iliyofunguliwa mwaka 2012. Walikata kipande kidogo cha nyama wakakipima. Jibu lilipotoka, ugonjwa ulikuwa na jina la mtu: limfoma ya Burkitt. Nikiwa nimekaa kwenye benchi pale nje nilijiuliza huyu Burkitt ni nani, na ilikuwaje jina lake likaingia kwenye taya la mtoto wetu.

Mtoto wa mchora ramani

Denis Parsons Burkitt alizaliwa tarehe 28 Februari 1911 Enniskillen, kaskazini mwa Ireland. Baba yake, James Parsons Burkitt, alikuwa mhandisi wa barabara na madaraja wa jimbo. Lakini jioni, baada ya kazi, mhandisi huyo alikuwa na shughuli nyingine: alichunguza ndege wadogo wa bustanini. Aliwavisha pete miguuni ili amjue kila mmoja, kisha akachora ramani kuonyesha kila ndege anatawala kipande gani cha bustani. Watu wa elimu ya ndege wanamkumbuka kwa kazi hiyo hadi leo. Shika jambo hili la ramani, msomaji, tutalirudia.

Alipokuwa na miaka 11, Denis alipigwa jiwe katika ugomvi wa watoto wa shule. Miwani ikavunjika, na jicho la kulia likapotea. Akaishi na jicho moja maisha yake yote.

Mwaka 1929 aliingia Trinity College, Dublin, asomee uhandisi kama baba yake. Hakuwa mwanafunzi wa kung'ara. Huko alijiunga na kundi la wanafunzi wa dini yake waliokutana kusali na kusoma, na humo akapata hakika kwamba Mungu anamtaka awe tabibu. Akabadili masomo, akahitimu udaktari mwaka 1935, na mwaka 1938 akafuzu upasuaji Edinburgh. Sisi tunaojadili usiku kucha kwenye mabweni kama kozi tuliyochagua ndiyo aliyotuandikia Mola tunaielewa vizuri hali hiyo.

Aliomba kazi ya serikali ya kikoloni Afrika Magharibi, akakataliwa kwa sababu ya jicho. Vita Kuu ya Pili ikamleta Afrika Mashariki akiwa daktari wa jeshi la Uingereza. Alihudumu Kenya na Somalia, na huko akapenda watu na nchi. Mwaka 1943 alimuoa Olive Rogers. Vita ilipokwisha aliomba tena kazi ya kikoloni, safari hii Uganda, akakubaliwa. Mwaka 1946 akapelekwa Lira, katika nchi ya Walango.

Lira: ramani ya kwanza

Lira alikuwa daktari wa kila kitu: uzazi, mifupa iliyovunjika, vidonda, homa. Miongoni mwa wagonjwa aliowapasua walikuwa wanaume wengi wenye busha. Daktari mwingine angepasua, akashona, akaita mgonjwa anayefuata. Yeye aliuliza kila mmoja ametoka wapi. Majibu yalipokusanyika aliona kwamba wa upande wa mashariki wa wilaya waliugua sana kuliko wa magharibi, ingawa kabila ni moja na chakula ni kimoja. Baadaye ilieleweka kwamba sababu ni minyoo midogo inayoenezwa na mbu, ambayo hukaa kwenye mishipa ya limfu na kuiziba.

Mishipa hiyo hupitisha maji mepesi yanayovuja kutoka kwenye damu, huyachuja katika tezi, kisha huyarudisha. Burkitt hakujua bado kwamba kazi kubwa ya maisha yake itakuwa kwenye njia hiyohiyo ya limfu. Lakini alikuwa ameshajifunza swali lake: ugonjwa huu unapatikana wapi, na wapi haupatikani?

Mulago: nyuso za watoto wawili

Mwaka 1948 alihamia Kampala, akawa mpasuaji wa hospitali ya Mulago na mwalimu wa wanafunzi wa udaktari wa Makerere. Miaka tisa ikapita katika kazi za kawaida za upasuaji.

Mwaka 1957 mwenzake, Hugh Trowell, alimwita wodini amtazame mtoto wa kiume wa miaka mitano. Taya zote mbili zilikuwa zimevimba, kulia na kushoto, juu na chini, na meno yamelegea. Burkitt hakuwahi kuona kitu cha namna hiyo. Usaha hauwezi kushika pembe nne za mdomo kwa mara moja, na saratani aliyosomeshwa haina tabia hiyo. Alimpiga picha, akaandika maelezo, akabaki hajui la kufanya.

Wiki chache baadaye alikuwa Jinja kwa ziara ya kikazi. Akichungulia dirishani aliona msichana mdogo amekaa kwenye majani na mama yake, uso umevimba vilevile. Akatoka mbio kumpima. Taya zilikuwa kama za yule wa Mulago, na tumboni kulikuwa na uvimbe mwingine.

Kisa kimoja ni ajabu, viwili ni mwanzo wa elimu. Alirudi Mulago akafukua mafaili ya nyuma pamoja na rejista ya saratani iliyokuwa imeanzishwa Kampala. Akakuta watoto wengine kadhaa waliofariki wakiwa wameandikiwa majina tofauti: huyu saratani ya taya, huyu ya figo, huyu ya jicho, huyu ya ovari. Wote walikuwa na ugonjwa mmoja, ila kila daktari aliangalia kiungo chake tu. Mwaka 1958 alichapisha makala katika jarida la wapasuaji wa Uingereza akieleza watoto 38. Hapo mwanzo hakuna aliyeshtuka. Mtaalamu wa Kimarekani aliyekuwa Kampala, Gregory O'Conor, alipotazama nyama ile kwa darubini alithibitisha kwamba hii ni limfoma, yaani saratani ya seli za kinga zinazoishi kwenye tezi za limfu.

Ndani ya tezi

Hapa nasimama kidogo na wasifu, kwa sababu bila kujua kinachotokea ndani ya tezi hatutaelewa alichokigundua mtu huyu, wala mimi nisingeelewa nilikosea wapi.

Mwilini tuna mamia ya tezi ndogo za limfu, nyingine kubwa kama punje ya mtama, nyingine kama haragwe. Ziko shingoni, kwapani, kinenani na ndani kabisa ya tumbo na kifua. Ukichomwa mwiba mguuni ukafanya usaha, kinenani huota mtoki. Hiyo ni kwa sababu limfu ya mguu mzima hupitia tezi za hapo, na vijidudu hunaswa hapo.

Kwenye ukingo wa nje wa kila tezi kuna vijifuko vya mviringo vinavyoitwa folikuli. Wakati wa amani folikuli imejaa seli ndogo zilizotulia, seli B, zinazongoja. Kila moja imebeba kipokezi chake, na karibu zote zinatofautiana. Kijidudu kinapoletwa, ni chache tu zinazokitambua. Hizo huamka, hupata msaada wa seli T, kisha huingia katikati ya folikuli na kuanza kugawanyika kwa kasi kubwa. Ndani ya wiki moja hivi panatokea doa jeupe katikati ya folikuli, na zile seli zilizotulia husukumwa pembeni zikalizunguka kama kilemba. Mjerumani Walther Flemming alilieleza doa hilo katika miaka ya 1880 akadhani ndipo seli hizo zinapozaliwa, kwa hiyo likaitwa kitovu cha uzazi wa seli. Tezi huvimba na huuma ukiigusa kwa sababu ya kazi hiyo.

Ni kazi gani? Fikiria madrasa zetu za zamani na ubao wa kuandikia aya. Mtoto anaandika, anamsomea mwalimu, anarekebishwa, anafuta, anaandika tena, hadi usomaji unyooke. Seli B nayo, katika upande mmoja wa kitovu, huchezea herufi chache za jeni inayotengeneza kipokezi chake. Kisha huhamia upande wa pili ambako kuna vipande vya kijidudu vimetundikwa, ijaribu kama sasa inakishika vizuri zaidi. Iliyoshika vizuri husaidiwa na seli T, ikarudi kuandika tena. Iliyoshindwa hufa palepale, na seli walaji huisafisha. Wengi hufeli, wachache hufaulu. Waliofaulu hutoka wakawa watengenezaji wa kingamwili kali, au wakawa seli za kumbukumbu zitakazokaa miaka mingi zikingoja adui yuleyule arudi. Vita ikiisha kitovu husinyaa, na mtoki hupotea. Subhanallah, haya yote chini ya taya la mtoto anayecheza mpira barabarani.

Lakini ili seli ifute na kuandika jeni yake, lazima ikate uzi wa vinasaba. Kisu hicho, mara chache sana, hukata mahali pasipo pake. Katika ugonjwa wa Burkitt kipande cha kromosomu ya 8 huhamia mara nyingi kwenye kromosomu ya 14. Jeni inayoamrisha seli igawanyike inajikuta imekaa jirani na jeni za kingamwili, ambazo katika seli B haziachi kufanya kazi. Amri ya kugawanyika haizimwi tena. Uvimbe wa namna hiyo unaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili tu.

Sasa rudi kwenye wiki zangu tatu, uzihesabu.

Safari ya maili 10,000

Burkitt hakujua habari za kromosomu. Hizo zilikuja miaka ya 1970 na kuendelea. Yeye alikuwa na swali lake la Lira. Alichapisha vipeperushi vyenye picha za watoto wagonjwa, akavituma kwenye hospitali nyingi za Afrika akiuliza kama wamewahi kuona kitu kama hiki. Majibu yaliporudi alichoma pini kwenye ramani iliyokuwa ukutani. Ukanda ukaanza kuonekana, umepita katikati ya Afrika na kuwa na mkia unaoshuka pwani ya Msumbiji.

Oktoba 1961 aliamua kwenda kuutafuta mpaka wa kusini wa ukanda huo kwa macho yake, au tuseme kwa jicho lake. Alinunua gari lililokwishatumika, akasafiri na madaktari wawili wa misheni, Ted Williams na Cliff Nelson. Williams alikuwa pia fundi wa magari, jambo lenye faida kubwa kwa barabara za zama zile. Wiki kumi, maili 10,000 hivi, hospitali zaidi ya 50, kutoka Kampala hadi Afrika Kusini na kurudi. Kila hospitali swali lilikuwa lilelile: mmewahi kuwaona watoto hawa? Gharama yote ilikuwa ndogo kiasi kwamba watafiti wa leo wakiisikia hucheka.

Alichokikuta ni kwamba ugonjwa unafuata joto na mvua. Palipo baridi haupo, na palipo pakavu haupo. Karibu na ikweta ulikuwa adimu juu ya futi 5,000, yaani mita 1,500 hivi. Ukishuka kusini, mpaka huo nao unashuka. Alexander Haddow, mkuu wa taasisi ya virusi ya Entebbe, ndiye aliyemwonyesha kwamba mpaka ule wa mwinuko kwa kweli ni mpaka wa joto, na kwamba unafanana na mipaka ya wadudu wanaoeneza magonjwa.

Tazameni ramani hiyo mkiwa Gisenyi. Ziwa Kivu liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Mji wetu umekaa karibu kabisa na mstari wa Burkitt, na ukipanda kidogo tu kuelekea milimani unauvuka. Bugarama iko chini sana, kwenye joto, maji na mbu. Mtoto wetu alizaliwa ndani ya ramani ile, akaja kuugulia ukingoni mwake. Mtu mwenye jicho moja alikuwa ameshauchora mstari huo kabla mama yake mdogo na mama yangu hawajazaliwa.

Kirusi na mbu

Miezi michache kabla ya safari, tarehe 22 Machi 1961, Burkitt alitoa mhadhara hospitali ya Middlesex, London. Kati ya wasikilizaji alikuwepo kijana mtafiti wa virusi, Anthony Epstein, aliyekuja kwa udadisi tu. Kabla mhadhara haujaisha alikuwa ameshaamua kuacha alichokuwa akikifanya. Wakapatana sampuli ziwe zinaletwa London kwa ndege kutoka Kampala.

Kwa zaidi ya miaka miwili Epstein hakupata kitu. Kisha siku moja ya baridi mwishoni mwa 1963 ndege ilicheleweshwa na ukungu, ikatua Manchester. Sampuli ilipofika London maji yake yalikuwa na ukungu, kama yameoza. Badala ya kuyamwaga aliyatazama kwa darubini, akakuta seli hai zinaelea. Kutokana nazo walifanikiwa kuotesha seli za uvimbe maabarani, na mwaka 1964 Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza kirusi kipya walichokiona ndani yake. Kilikuwa kirusi cha kwanza kujulikana kuhusika na saratani ya binadamu.

Hapo pakatokea fumbo. Kirusi hicho hakienezwi na mbu, kinaenezwa kwa mate, na karibu kila mtu duniani anacho, mchana na usiku, bila kudhurika. Basi kwa nini ramani ilifuata mbu? Jibu likaegemea malaria. Unguja na Pemba zina joto na mvua ya kutosha, lakini malaria ilikuwa imedhibitiwa kwa kampeni kubwa, na uvimbe huu ulikuwa adimu huko. Leo inaeleweka hivi: malaria kali inayorudi kila mwaka huzichochea folikuli za mtoto bila kupumzika, vitovu vinabaki wazi, kisu cha kuandika upya kinafanya kazi kupita kiasi. Kirusi nacho huzisaidia seli ambazo zingepaswa kufa zisife. Vitu viwili ambavyo kila kimoja watoto wengi hukivumilia vikikutana hufungua mlango.

Burkitt mwanzoni alidhani mbu ndiye anayebeba kirusi cha saratani. Dhana yake haikuwa sahihi, lakini ramani yake ilikuwa sahihi, na ramani ndiyo iliyowaongoza waliomrekebisha. Katika elimu zetu tunaijua adabu hiyo: mwenye kujitahidi kwa ukweli hapotezi ujira kwa kukosea, mradi aache njia wazi kwa atakayekuja baada yake.

Dawa, kisha nyuzinyuzi

Akiwa mpasuaji, aliona haraka kwamba kisu chake hakifai kwa ugonjwa huu. Mulago haikuwa na mashine za mionzi. Akajaribu dawa za saratani zilizokuwa mpya wakati ule, na watoto ambao uso ulikuwa umeharibika wakaonekana kunywea uvimbe ndani ya siku chache. Wengine walipata dozi chache tu wakarudishwa vijijini, na aliporudi kuwatafuta baada ya miaka aliwakuta wazima wanasoma. Saratani inayokua upesi huwa inasikia dawa upesi, mradi mgonjwa afike mapema.

Mwaka 1966 alirudi Uingereza. Angeweza kupumzika na sifa yake, lakini alianza swali jipya la ramani: kwa nini magonjwa ya utumbo aliyoyaona kila siku Ulaya hakuyaona Uganda? Akaandikia hospitali nyingi tena, akakusanya majibu, akawa mtetezi mkubwa wa chakula chenye makapi na nyuzinyuzi. Mihogo, maharage na ugali wa dona wa bibi zetu ukapata wakili asiyetarajiwa. Alifariki tarehe 23 Machi 1993, akiwa na miaka 82. Waliofanya naye kazi wanasimulia kwamba sifa alizikwepa, kila mara akitaja aliowategemea.

Tunachobaki nacho

Sitaki kumfanya malaika. Alikuja chini ya bendera ya ukoloni, na ugonjwa ukaitwa kwa jina lake, si kwa jina la wale wauguzi, wasaidizi wa tiba na akina mama wa Uganda waliobeba watoto mgongoni mwendo wa siku nyingi hadi hospitali. Pini zake ukutani ni watoto hao. Tukimtaja yeye tuwataje na wao.

Lakini nilichojifunza kwake hakihusu bendera. Dini yetu imetuamuru kutafuta dawa, imetukataza kusema tusilolijua, na imetutaka tuhakikishe habari kabla ya kuitolea hukumu. Nilikuwa nayajua hayo kwa dalili zake na mlango wake katika vitabu, na bado nilimwambia mama asubiri. Yeye hakuwa na vitabu vyangu, ila alipoulizwa asichokijua aliondoka kwenda kuuliza, maili 10,000.

Basi ndugu yangu, ambaye kesho utaitwa usome kwenye nyumba ya mgonjwa kwa kuwa wewe ni ustadh: soma, omba, kisha wapeleke hospitali siku hiyohiyo. Mtoki mdogo, laini, unaouma, uliokuja na kidonda au mafua, mara nyingi ni folikuli zinafanya kazi yake, na hupungua ndani ya wiki mbili au tatu. Uvimbe mgumu, unaokua kila ukiutazama, usiouma, unaolegeza meno ya mtoto, unaotokeza jicho au kujaza tumbo, huo haungojei. Na chandarua unachokipuuza kinailinda damu, na pia kinazipumzisha tezi za mtoto.

Mtoto wetu alitibiwa kwa miezi kadhaa. Nywele zilinyonyoka zikaota tena. Alhamdulillah, sasa yuko madrasa Bugarama, amefika Suratul Fajr katika Juzuu Amma. Mama mdogo hajawahi kunilaumu hata kwa neno moja. Akinipigia simu ananiambia nimsomee mtoto, nami humsomea. Halafu humuuliza kliniki ni lini.

Wabillahi tawfiq.